Mwaka Tulipowauliza Watu wa Gemu

Mwezi uliopita, siku ya soko hapa Ndanai, mtu aliingia dukani kwangu akataka mlango. Milango ninayo. Sitaki kujisifu bure, lakini uzunguke Sotik yote na Bomet yote, hutapata mtu anayeuza milango kama mimi: ya mbao, ya chuma, ya vioo, hata ile ya kuteleza ambayo watu wa Nairobi wanajengea mashambani kwao. Mimi niliyeacha shule darasa la sita nina maduka matatu ya vifaa vya ujenzi na malori mawili yenye jina langu juu ya kioo, na mainjinia waliosoma mpaka nywele zikawatoka huja kuniuliza bawaba gani itabeba mlango gani. Kwa hiyo huyo mtu sikumwangalia. Nilimnyooshea kidole upande wa milango nikaendelea na simu. Akaenda, akaigonga mmoja mmoja kwa kifundo cha kidole kama mtu anayebisha hodi nyumba za watu, halafu akarudi akasimama mbele ya ofisi yangu ya nyuma. "Bosi Langat," akasema, "na hii ulitoa wapi?"

Nikakata simu. Siku hizi mimi naitwa Mzee, au Direkta. Bosi Langat ni jina la mwaka mmoja tu wa ujana wangu, na watu waliokuwa wakiniita hivyo walishatawanyika. Alikuwa Ouma. Nywele zimekuwa nyeupe, mashavu yameingia ndani, lakini kichwa bado kinainama kushoto kidogo, vile alivyokuwa akikiinamisha mbele ya kompyuta akitafuta pa kumpiga adui. Mkono wake ulikuwa juu ya mlango wa ofisi yangu. Ni mlango mzee wa mbao za saiprasi uliopakwa kijani, kijani kile kizito cha kambi za mashamba ya chai, ambacho ukishalala kambini hata usiku mmoja hukisahau. Na kabla sijaeleza nilichofanya baadaye siku hiyo, lazima nieleze mwaka ule, maana nimeshausimulia mara nyingi kwenye harusi na kwenye harambee, na kila mara niliuacha ukiwa mzuri kuliko ulivyokuwa.

Chumba changu kilikuwa kwenye senta ndogo upande wa Kericho, mkabala na geti la shamba kubwa. Ukisimama mlangoni uliona chai mbele, chai kushoto, chai kulia, imekatwa sawasawa kama meza, mpaka macho yakachoka na kijani. Zamani palikuwa bucha. Nilipokodisha, mwenye nyumba hakutoa zile ndoano za kutundikia nyama, na mimi nikaziacha. Vigae vyeupe vilikuwa bado ukutani, na jua likiwaka asubuhi harufu ya mafuta ya ng'ombe ilikuwa inarudi kidogo kidogo. Humo ndimo nilipanga kompyuta sita kuukuu, nilizozinunua kwa ofisi moja iliyokuwa ikifunga, nikazibeba mgongoni kwa safari tatu, kwenye mvua, zimefungwa kwa magunia ya mbolea. Hakuna mtu alinisaidia. Modemu niliifunga kwenye kijiti dirishani ikaangalia mlingoti wa simu ulio kilimani, na mawingu yakishuka mtandao ulikuwa unakufa mpaka yapande tena. Mezani nilimweka Chelagat, msichana wa Londiani aliyemaliza kidato cha nne akakosa karo ya kuendelea. Yeye alijua Kiingereza. Mimi Kiingereza changu kilikuwa cha kusoma maandishi ya mifuko ya simiti.

Mchana tulikula pamoja kwenye ile meza ya bucha. Chelagat alileta viazi vya kwao, vikubwa, vya kupasuka vyenyewe. Mimi nilileta mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kwenye kibuyu. Ouma, kama hayuko zamu, alileta omena, wale dagaa wadogo, waliofungwa kwa gazeti, ambao mke wake aliletewa kutoka ziwani. Ouma alikuwa mchuma chai, na kikapu chake kilijaa kabla ya vya wenzake. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa chai, na ndivyo vidole vilivyokuwa vikishinda kila mtu kwenye kompyuta yangu. "Nyinyi watu mnakunywa makaa," alikuwa akisema akiona majivu ndani ya mursik. Nami namwambia, "Na nyinyi mnakula kitu kinakuangalia." Chelagat alikuwa anacheka mpaka anashika meza. Naukumbuka mlo huo kuliko mikutano yote niliyokaa baadaye na mameneja wa benki.

Sasa gemu yenyewe. Tuliiita gemu ya falme. Unaanza na kijiji kimoja nyakati za zamani kabisa, watu wakiwa na mawe tu, halafu unapita miaka: chuma, farasi, meli, bunduki. Ramani imegawanywa vipande vya rangi. Kila shamba kwenye ramani lina watu kumi, wadogo kama sisimizi, wanainama na kuinuka, wanainama na kuinuka. Watu wa shamba waliipenda kwa sababu hiyo. Baada ya kupima majani alasiri walikuwa wanakuja na aproni zao za plastiki bado zimelowa, wanasimama nyuma ya Ouma kumtazama akitawala. Alikuwa ameita ufalme wake kwa jina la mama yake. Wengine hawakucheza hata siku moja, walilipa kumtazama tu.

Mwaka huo watengenezaji wa gemu, ambao walikaa nchi ya baridi mbali sana, walitangaza kwamba toleo jipya linakuja, na wakafungua ukurasa wa wachezaji kuuliza maswali juu ya mambo yatakayoongezwa. Kila wiki walichagua machache wakajibu. Wazo la kuuliza lilikuwa langu. Nilinunua daftari, nikaliweka mezani, na kila mtu aliyetaka akaandika swali au akamwambia Chelagat aandike. Jumamosi Chelagat alikuwa anayageuza kuwa Kiingereza na kuyatuma. Majibu yakija aliyachapisha, akaandika Kiswahili chini yake kwa kalamu, na Jumapili baada ya kanisa mimi nikayasoma. Mwanzoni yalikuwa maswali ya kufurahisha. Tembo ataweza kuvuka mto? Kwa nini mfalme hazeeki? Koech, mchuma chai mwenzake Ouma na bingwa wa kudhihaki, aliuliza kwa nini mvua hainyeshi kamwe kwenye gemu, na kama wale watu wamewahi kuona Kericho. Walijibu wakasema mvua wanaifikiria. Chumba kizima kilipiga kelele kama tumeshinda kura.

Halafu wakaja wageni shambani. Walikuwa wanne, na kofia ngumu, na buti ambazo hazijaona matope. Walitembea kati ya mistari ya chai siku nyingi wakipima, na kila walipopima waliacha kijiti chenye utepe mwekundu wa plastiki. Hawakumwambia mtu neno. Asubuhi ukungu ukiwa mzito uliona tepe hizo tu, zinacheza bila upepo, na kina mama wachumaji walizizunguka kwa mbali kama unavyozunguka mahali nyoka ameonekana. Ouma alichaguliwa kuwabebea fito za kupimia. Siku ya tatu aliingia chumbani kwangu bila kuvua aproni, maji yakichuruzika kwenye vigae.

"Bosi Langat, mimi nimeona kitu. Wale wageni wako na ile gemu."

"Gemu gani?"

"Hii yetu. Kwa kompyuta yao. Shamba lote liko ndani, limekatwa vipande, kijani, njano, nyekundu. Kambi yetu pia iko. Kisanduku kidogo chekundu."

Koech akacheka. "Ouma, ulichapwa juzi vitani, sasa unaona gemu mpaka kwa chai!"

Lakini Ouma hakucheka, na wengine walipomwona hacheki wakageuka kuniangalia mimi. Hapa ndipo ningeweza kusema ukweli kwa urahisi kabisa. Mimi nilikuwa nimeshaona ramani kama hiyo kwenye ofisi ya kilimo. Nilijua kompyuta yoyote inaweza kuchora shamba kwa rangi, na kwamba waliotengeneza gemu na waliotuma wale wageni hawajuani hata kwa sura. Lakini macho yale yote yalikuwa juu yangu, mimi mtoto wa darasa la sita, ndani ya bucha yangu. Nikaegemea ukuta nikasema, "Kwani mlidhani nini? Gemu kubwa hivi itengenezwe ya kucheza tu? Hao ni watu wamoja. Wanajaribu kwa gemu kwanza, halafu wanaleta shambani."

Nilisema hivyo tu. Sikujua neno linaweza kutembea haraka hivyo. Wiki iliyofuata daftari lilijaa, na maswali yalikuwa yamebadilika. Watu ambao hawajawahi kushika kompyuta walikuja wamevaa vizuri, wakakaa mbele ya Chelagat kama wako mbele ya karani wa mahakama. Shamba la milimani likipewa rangi nyekundu kwenye toleo lijalo, maana yake ni nini? Mfanyakazi aliyekaa shambani vizazi viwili atahesabiwa mwenyeji au mgeni? Nyumba ya mfanyakazi ikibaki tupu inageuka kuwa nini? Mama mmoja aliuliza kama makaburi yataonekana kwenye ramani. Walikuwa wanaficha shamba ndani ya gemu, maana waliogopa jina lao kufika kwa meneja. Chelagat alitafsiri kimya. Siku moja aliniambia, "Bosi, hawa watu wa gemu watadhani tumerukwa na akili." Kumbe hapana. Walijibu kwamba wachezaji wetu wanauliza maswali mazito kuliko wa nchi yoyote, na wakatushukuru. Hilo nililisoma mara mbili.

Jumapili zangu zilikua. Nilishonesha koti. Nilisimama juu ya kreti ya soda chini ya ndoano, na waliokosa nafasi ndani walisimama nje na miavuli. Niseme ukweli, hakuna mhubiri katika senta ile aliyepata watu kama wangu. Na watengenezaji wasipojibu swali fulani, mimi nilijibu. Vitu vidogo. Mtu ameuliza kwa woga, amengoja wiki nzima, utamwambia hakuna kitu? Nilikuwa nainua karatasi, nasafisha koo, nasema watu wa gemu wanasema usiwe na wasiwasi. Wakati huo huo tepe ziliongezeka. Ziliteremka mpaka mtoni, zikapanda upande wa pili, zikafika nyuma ya choo cha kambi. Kazini nyapara waliacha kupiga kelele, wakawa wapole, na upole huo uliwatisha watu kuliko matusi.

Ndipo nyapara wa Ouma alipomwita kando. Ouma alinieleza tukila, omena wakiwa kwenye gazeti katikati yetu, na hakugusa hata mmoja. Kampuni inatafuta wanaume wanane wa kufundishwa kazi mpya kwenye shamba lingine, mbali, upande wa pili wa msitu. Kazi gani, hawasemi. Anayekubali anahama na familia yake. Anayekataa anabaki anachuma. Jibu linatakiwa Jumatatu.

"Ni mashine," Ouma akasema. "Mashine ya kuchuma. Hakuna kitu kingine. Lakini kama haiji kweli, nitakuwa nimeng'oa watoto shuleni bure, na watu wangu watasema niliwakimbia. Na kama inakuja na mimi nikatae, nimekwisha. Sasa waulize, Bosi. Andika hivi: toleo lijalo, mashine ya kuvuna ikiingia, wale watu kumi wa kila shamba wataenda wapi?"

Chelagat aliandika. Alimwangalia Ouma, akaniangalia mimi, kama anayengoja niseme kitu. Nilichukua omena mmoja nikala.

Jibu lilikuja Jumamosi alasiri. Mvua ilikuwa ikipiga mabati hata hatusikilizani, Chelagat akaongeza maji ya chai kwenye stovu, akachapisha karatasi, akaketi na kuandika Kiswahili chini yake polepole, neno kwa neno. Mvua ilipopungua akanisomea. Ndiyo, mashine za kuvuna zitakuwepo kwenye toleo jipya. Shamba lenye mashine litahitaji watu wawili badala ya kumi. Wale wanane watafifia kutoka kwenye ramani polepole. Mchezaji hatahitaji kufanya lolote. Halafu wametia alama ya kutabasamu.

"Hii usisome kesho," Chelagat akasema.

"Nisome nini?"

"Uwaambie ukweli. Kwamba hawa watu hawajui Kericho iko upande gani wa dunia. Ouma aende kwa nyapara amuulize uso kwa uso, kazi gani. Ni mtu mzima."

Nilikunywa chai yangu yote kabla ya kumjibu. Nikisema hivyo, niliwaza, Jumapili ijayo nitasimama juu ya kreti niwasomee nani? Na nikisoma lile jibu lilivyo, Jumatatu Ouma atafunga mizigo. Ouma ndiye waliyekuwa wakija kumtazama. Bila Ouma nilibaki na kompyuta kuukuu na ndoano za nyama. Ndivyo nilivyowaza. Nimejaribu miaka hii yote kukumbuka wazo lingine, la heshima zaidi, na sijalipata. Nilimwambia Chelagat, "Wewe kazi yako ni kutafsiri."

Kesho yake walijaa kuliko siku zote. Walitoka kanisani moja kwa moja, Biblia mkononi, kina mama wa kambi na vitambaa vyao vyeupe kichwani, na joto la watu likaamsha ile harufu ya nyama ukutani. Ouma alisimama mbele, amevaa shati lake jeupe, mke wake pembeni na mtoto mgongoni. Nilipanda kreti. Nikainua karatasi ile ile yenye mwandiko wa Chelagat, nikasafisha koo. "Watu wa gemu wanasema," nikasema, "mashine haitakuwepo toleo hili. Kila shamba litabaki na watu wake kumi."

Mama mmoja akapiga kigelegele. Wengine wakapiga makofi, wakapeana mikono kama siku ya krismasi. Ouma hakupiga makofi. Aliinamisha kichwa kushoto.

"Soma tena, Bosi," akasema.

Nikasoma tena. Na jambo ninalolikumbuka ni kwamba mara ya pili ilitoka tamu zaidi, hata mimi nusura niamini. Chelagat alikuwa anaangalia vigae.

Jumatatu Ouma alimwambia nyapara hapana. Nafasi yake ikachukuliwa na Koech, ambaye nilipokuwa nikisoma alikuwa amesinzia dirishani. Mwisho wa mwezi Chelagat aliniambia asante kwa kazi na akaenda, bila kuomba nauli, na hakurudi; ile karatasi pia sikuiona tena.

Mashine zilikuja kipindi chai inachipua vizuri. Kwanza tulizisikia. Ilikuwa asubuhi, ukungu haujapanda, na sauti ilitoka upande wa mtoni, kama pikipiki nyingi zimefungwa mahali pamoja hazitembei. Watu walitoka kwenye senta wakasimama barabarani. Ukungu ulipofunguka tukaziona. Wanaume wawili, mmoja huku na mmoja kule kwenye mstari wa chai, wameshika chuma kirefu katikati yao vile watu wanavyobeba mgonjwa kwa machela, na mfuko mkubwa unavimba nyuma yao. Walipopita, chai ilibaki imenyolewa. Mmoja wao alikuwa Koech, amerudishwa kutoka kule ng'ambo ya msitu. Hakutuangalia. Wachumaji walisimama na vikapu vitupu mgongoni mpaka jua likawa juu, hakuna aliyewafukuza na hakuna aliyewaita.

Baada ya hapo hakukuwa na kelele. Nilidhani kutakuwa na kelele. Wiki moja majina machache yanasomwa, wiki nyingine machache, na kambi ikawa inazimika nyumba kwa nyumba. Unapita asubuhi unaona moshi kwenye mabomba mengi, unapita tena unaona kwa machache. Mbwa walibaki. Walilala kwenye vizingiti vya milango iliyofungwa wakingoja, na hawakubweka mtu akipita. Chumbani kwangu hakuna aliyekuja kunigombeza. Hiyo ndiyo ilinitia baridi. Walipita na magodoro yao kwenye pikapu, wakaniinulia mkono.

Ouma alisimamisha pikapu yake. Mke na watoto watatu walikaa juu ya vyombo, yule mkubwa, Akinyi, ameshika kuku. Alikuja mpaka mlangoni, hakuingia. Tukaangaliana. Nilikuwa nimejiandaa kwa chochote isipokuwa alichosema.

"Labda walibadilisha, Bosi," akasema. "Labda mwishoni walibadilisha. Watu wa gemu huwa wanabadilisha."

"Ndiyo," nikamwambia. "Walibadilisha."

Akaitikia kwa kichwa, akanipa mkono, akaenda.

Toleo jipya lilipotoka nililiweka kwenye kompyuta moja. Chumba kilikuwa kitupu. Nilifungua ufalme wa Ouma, ule wa jina la mama yake, nikapita miaka mpaka enzi ya mashine, nikaketi nikatazama. Ilikuwa kama walivyosema. Wale watu wadogo hawakuanguka, hawakukimbia. Waliinama wakainuka, wakainama wakainuka, na kila walipoinuka walikuwa wepesi kidogo, mpaka ukaona ardhi kupitia migongo yao. Halafu ardhi tu. Na mvua ilinyesha. Walikuwa wameongeza mvua, kama Koech alivyoomba.

Kampuni ilipobomoa kambi iliuza mabati na milango. Nikauza kompyuta, nikanunua lori zima la milango ya kijani, nikaipiga msasa, nikaipaka upya, nikaiuza Bomet yote mpaka Longisa. Huo ndio mwanzo wa mali yangu. Vijana wakiniuliza siri huwa nawaambia ni kuamka mapema. Mlango mmoja haukuuzwa. Upande wa ndani una mistari mitatu ya penseli, mmoja juu ya mwingine, na majina: Akinyi, Ochieng', Atieno. Ni urefu wa watoto. Kila nilipohamia nilihama nao, nikaufunga kwenye ofisi yangu, mistari ikiwa upande wangu, nikajiambia ni kwa sababu saiprasi ya zamani haipindi.

Basi siku ile ya soko Ouma hakungoja nimjibu. Alisukuma mlango, akatazama upande wa ndani, akagusa mstari wa chini kabisa kwa kidole. Nikamwambia, "Ouma, ndugu yangu, kaa kwanza. Niagize chai."

"Chai nimechuma ya kutosha," akasema. Akatoa pochi, na nyuma ya kitambulisho, ndani ya plastiki, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi hata mikunjo ilikuwa imekatika. Niliijua kabla hajaifungua. "Chelagat alinipa. Siku ile ile tunaondoka, alikuwa anauza mitumba stendi ya Kericho, akakimbilia gari. Nimesoma mwenyewe. Akinyi amenisomea. Lakini wewe ndiye ulikuwa unatusomea. Nisomee."

Duka lilikuwa limejaa. Kulikuwa na fundi anangoja misumari, kina mama wawili wanachagua rangi, na karani wangu. Nilisafisha koo, mazoea ya zamani. Mwandiko wa Chelagat ulikuwa umefifia lakini unasomeka. Nikasoma kwamba mashine zitakuwepo. Nikasoma wawili badala ya kumi. Nikasoma kwamba wanane watafifia polepole na mchezaji hatahitaji kufanya lolote.

"Soma tena."

Nikasoma tena. Haikuwa tamu.

Ouma akaikunja karatasi, akairudisha nyuma ya kitambulisho. Hakuwa na hasira usoni, na ningefurahi kuiona. "Akinyi anajenga," akasema. "Nyumba yake ya kwanza. Nataka hii."

"Hiyo si ya kuuza, Ouma."

"Sijasema uniuzie."

Nikaita bisibisi; fundi wa duka alipoileta, nikamnyang'anya. Ilikuwa miaka mingi tangu nishike moja. Skrubu zilikuwa zimeshika kutu, na Ouma alishikilia mlango usianguke. Ulipotoka tuliubeba wawili, yeye huku mimi kule, hatua kwa hatua kati ya wateja, na tulipofika nje nikatambua tunatembea kama wale wawili wa mashine, na kwamba yeye ametambua kabla yangu. Tuliuweka kwenye mkokoteni aliokuja nao, mistari ya penseli ikiangalia juu. Aliutupia turubai kwa sababu mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa chai. Hakunipa mkono.

Wiki nne zimepita. Milango imejaa dukani, karani ananiuliza kila asubuhi anifungie upi, namwambia kesho. Naandika haya ofisini kwangu, pasipo mlango, na kila anayeingia kununua hata misumari ya robo kilo ananiona mzima, kutoka kichwani mpaka viatu.